Msitu wa Sokoke na Hima ya Sayyidna Umar

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumezungumza mara nyingi juu ya amana: amana ya mali ya yatima, amana ya wakfu, amana ya siri ya mtu. Leo twataka kutaja amana ambayo aghalabu haisikiki juu ya mimbari, nayo ni msitu. Twakusudia msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio baina ya Kilifi na Malindi, ambao wengi wetu huupita garini tukienda harusini au mazikoni, na baadhi yetu huingia humo siku za mapumziko na watoto wetu, tukatembea katika njia zake na kupunga upepo chini ya miti.

Msitu huu una kilomita za mraba zipatazo 420, nao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Na lizingatiwe neno hilo, iliyosalia. Ndani yake imo mirihi. Imo mibambakofi, mti ambao kwao ilichongwa milango ya mababu zetu. Imo mihuhu, ambayo wachongaji wa vinyago waliiandama mpaka ikawa adimu. Yumo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye wengi katika jinsi yake waliobaki ulimwenguni wamo humo. Yumo pia bundi mdogo, urefu wake haushindi shubiri moja, ambaye aghalabu huonekana hapo na katika misitu iliyo chini ya milima ya Usambara, Tanzania.

Na kwa kuwa tumemtaja bundi, twajua wako watakaosema, "Audhu billahi!" Bundi kwao ni nuhusi, akilia juu ya paa, mgonjwa hufanyiwa matanga naye angali anapumua. Itikadi hiyo Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kuikanusha waziwazi; alikanusha kupiga ndege fali, na ndege huyu wa usiku, ambaye Waarabu wa Jahiliya walimkhofu, akamtaja khasa. Na Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-An'am kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Basi mwenye kumwua bundi wa Sokoke kwa kuogopa mkosi amekusanya mawili: ujinga wa dini na dhulma juu ya umma usioweza kushitaki.

Hapa ndipo twapofika kwenye jambo lenyewe. Mashariki ya msitu huo upo mji wa kale wa Gede, mji wa Waislamu wenzetu, wenye msikiti wa Ijumaa, na visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watu wake waliuhama katika karne ya kumi na saba, na miti ikaufunika. Mwaka 1948 Bwana James Kirkman alianza kuuchimba na kuudhihirisha, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Miti mikubwa ingaliko humo, juu ya kuta na baina ya kuta. Ukiwauliza watu wa jirani kwa nini miti hii haikukatwa zamani, wengi watakwambia kuwa watu waliogopa: mahali pale pana wenyewe. Ni hivyo hivyo katika makaya ya Mijikenda, ambayo UNESCO iliyaandika mwaka 2008. Kaya Kinondo, iliyo katika nchi ya Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, haipati zaidi ya hektari 30, nayo imesimama karibu na pwani ya mahoteli huku misitu mingine ikiliwa kandokando yake. Iliyoilinda zaidi ni khofu ya mizimu.

Sisi tuliosimama kuwaambia watu kuwa mzimu haudhuru wala haunufaishi tumesema haki, na tutaisema kesho na kesho kutwa. Haifai kufukiza ubani chini ya mbuyu, wala kufunga kitambaa katika tawi, wala kumwomba maiti wa Gede. Lakini tazameni yanayotokea baada ya hapo. Mtu alikuwa haugusi mti kwa kumwogopa pepo. Akaja mtu wa darsa akamwambia, pepo hana nguvu. Akashukuru, akaenda nyumbani kutwaa shoka. Je, hiyo ndiyo Tauhidi? Tauhidi haikuja ili imwondolee mtu khofu tu. Imekuja imwonyeshe nani astahikiye kuogopwa. Yule asiyeukata mti usiku kwa kuwa Mola wake amwona ndiye aliyeielewa. Akiwa mshirikina aliulinda msitu, na Muislamu aliyeerevuka aumaliza, basi watu watatuuliza erevu wetu ni wa nini, wala hatutakuwa na jawabu.

Wala jambo hili si geni katika sharia yetu hata ikawa twalitafuta kwa majirani. Mtume (s.a.w.) aliufanya mji wa Madina kuwa haram, miti yake haikatwi. Aliitenga ardhi ya An-Naqi' iwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslaha ya Waislamu, na akabainisha kuwa hima haiwi ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Yaani hapana tajiri wala jumbe awezaye kujitengea bonde kwa ajili ya ngamia zake mwenyewe, kama walivyokuwa wakifanya wakubwa wa Jahiliya. Wanazuoni wa madhhabi yetu ya Shafii wamesema, na ndiyo kauli yenye nguvu, kuwa Imamu aweza kutenga ardhi kwa ajili ya wanyama wa zaka na wanyama wa watu dhaifu. Kwa nafsi yake hawezi.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa Khalifa alikuwa na hima, na juu yake alimweka mlinzi, mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy. Usia aliompa umepokewa katika Sahihi ya Bukhari, na kila mwenye cheo katika mambo ya umma angefaa auhifadhi moyoni. Alimwamrisha awe mpole kwa watu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Kisha akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, lakini awazuie wanyama wa Ibn Auf na wa Ibn Affan. Hawa ni nani? Ni Abdur-Rahman na Uthman, wawili katika wale kumi waliobashiriwa Pepo! Umar hakuwazuia kwa kuwachukia. Alieleza sababu yake: hawa wakifiwa na wanyama wao, watarejea kwenye mitende yao na mashamba yao, ama yule maskini, wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake mlangoni pa Khalifa akilia, na hapo hapana budi apewe dhahabu na fedha. Basi maji na majani yalikuwa mepesi kwa Umar kuliko dhahabu. Na akakiri kwa kiapo kuwa watu wa pale wamwona amewadhulumu, kwani ardhi ni yao, waliipigania tangu Jahiliya na wakasilimu nayo mikononi mwao; na lau si wanyama wa jihadi asingewatengea hata shubiri moja ya ardhi yao.

Twauleta usia huu mbele ya msitu wetu, nao watuelekea sisi watu wa mji kwanza. Kandokando ya Arabuko-Sokoke wako wakulima ambao mashamba yao ni ya mchanga na mvua yao ni ya wasiwasi. Mahindi yao huliwa na nyani watokao humo msituni. Wao ndio wenye kondoo wachache. Sisi tujao kwa magari kutoka Mombasa na Malindi, tukala pilau yetu kivulini tukarudi, ndio Ibn Auf, ingawa hatuna fadhila yake. Basi tusiwe sisi wa kwanza kudai na wa mwisho kutoa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile iliyoshika mahali pake mwaka 2016, imewapa wakazi haki ya kuunda jumuiya za msitu na kufanya mapatano na shirika la serikali la misitu, KFS, juu ya kuutunza pamoja na kunufaika nao. Mwanamke aokotaye kuni kavu kwa kibali si mwizi. Hata katika Haram ya Makka, alipoomba Al-Abbas majani ya idhkhir yaachwe kwa haja ya wahunzi na nyumba, Mtume (s.a.w.) aliyaacha. Sharia yajua kuwa watu wapika.

Wako wasemao, "Ule ni msitu wa serikali, nini kwetu?" Hawa wafanana na mtu asemaye kuwa Baitulmali ni ya Sultani. Serikali ni mutawalli, na mutawalli huulizwa hesabu; mali ni ya umma. Wako na wengine wenye kuchukua Hadithi ya kuhuisha ardhi mfu, wakasema, "Msitu haulimwi, basi ni mfu, mwenye kuukata na kulima ni wake." Hii ni fikihi ya shoka. Mahali ambapo watu wote wanufaika napo, kwa maji, au malisho, au kuni, au njia, hapamilikiwi kwa kuhuishwa. Na msitu gani ulio mfu, wenye umma zote zile ndani yake? Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Aaraf kuiharibu nchi baada ya kwisha kutengenezwa.

Sasa tusemezane juu ya mkaa. Yule akataye mti usiku hali mkaa wote ule peke yake. Huletwa mjini. Twaununua sisi, kwa gunia na kwa kopo, na hatuulizi umetoka wapi. Muislamu huyu huyu akipewa nyama huuliza kachinja nani! Na ubao je? Akija muuzaji na ubao wa mbambakofi au wa mhuhu kwa bei ya chini, hana karatasi ya kibali, na ataka fedha taslimu kabla ya alfajiri, kuna haja ya Kadhi kutufasiria? Mafakihi wetu wa Shafii wamesema kuwa swala katika ardhi ya kunyang'anya husihi, lakini mwenye kuswali hapo apata dhambi. Kamati ya msikiti inayotengeneza milango na iwazie maneno hayo kabla ya kumlipa fundi, kwani ni vibaya mno watu waingie kuswali kwa kusukuma mali ya wizi.

Mfano wa jambo hili Mtume (s.a.w.) ametupigia sisi watu wa pwani kama kwamba alikuwa akitutazama: watu waliogawana chombo, hawa juu na hawa chini, wa chini wakaona usumbufu kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote waghariki. Ila twaongeza swali moja: wale wa juu, waliwapelekea maji wenzao hata mara moja?

Wako waliopeleka. Mwaka 1993 ulianzishwa mpango wa Kipepeo hapo Gede. Wakulima hufuga viwavi wa vipepeo vya msituni, wakauza mabuu yapelekwayo Ulaya na Marekani. Na watu ambao zamani walitaka msitu wote ukatwe wagawiwe mashamba, wakaona kuwa msitu ukisha na riziki hii imekwisha. Mwaka 2001 jumuiya ya Kikristo, A Rocha, ilianzisha mpango uitwao ASSETS: mgeni hulipa ada kidogo apite juu ya daraja la mbao lililotandazwa katika mikoko ya Mida, na fedha hizo zikalipia karo ya sekondari ya watoto wa jirani na msitu. Watoto hao, Waislamu wamo. Twawashukuru wenzetu, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Lakini sisi, wenye ilimu ya wakfu ya karne kumi na nne, tumezoea kuweka wakfu nyumba ya kupangisha na minazi michache, na hatujapata kusikia mtu akiweka wakfu mapato ya duka moja yalipie karo ya mtoto wa Dida ili baba yake asichome mkaa.

Yamebaki maneno ya njia. Kuondoa chenye kuudhi njiani Mtume (s.a.w.) amekuhesabu katika matagaa ya imani, na akatupa habari ya mtu aliyeondoa tawi la miba njiani, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Akatuonya pia na mambo mawili yamletayo mtu laana: kujisaidia katika njia ya watu, na katika kivuli chao. Njia ya msituni ni njia na ni kivuli vyote viwili! Na kinyesi si peke yake chenye kuudhi. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Kwa hiyo mwenye kuzitupa huko avunja amri ya dini na ya nchi kwa mkono mmoja. Tena njia ina haki zake: kuinamisha macho, kurudisha salamu, kutoudhi. Vijana wapigao mziki mpaka ndege wakahama, na waandikao majina yao kwa kisu katika gome la mrihi, wameikosa haki hiyo.

Idi zikija, gari litakaloingia msituni na litoke na taka zake zote. Kiongozi wa njia alipwe ujira wake kamili papo hapo, bila kumpigia bei kama muuza samaki. Na vijana wetu wa darsa, wenye mapanga na nguvu za mikono, waende ofisi ya msitu hapo Gede, waombe ruhusa, na waulize ni njia ipi iliyozibwa na miti iliyoanguka.

Wabillahi tawfiq.