Hekalu la Mbao na Turubai

Karibu kila mwaka katika karne ya 18, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, mfalme wa Napoli alimpelekea Papa huko Roma farasi mweupe, aliyeitwa *chinea*, pamoja na ducati 7,000 za dhahabu, akikiri kwamba ufalme wake ulikuwa chini ya kiti cha Petro. Kwa heshima hiyo lilisimamishwa uwanjani jengo la fahari la mbao na turubai, lililopakwa rangi lifanane na marumaru, ambamo fataki zilirushwa usiku, kisha likabomolewa.

Kilichobaki ni picha zilizochapwa kwa bamba la shaba, ambalo hupakwa nta, nta ikakwaruzwa kwa sindano, na tindikali ikala shaba palipokwaruzwa. Kwa kuwa bamba liliandaliwa kabla ya sherehe, umati unaoonekana pichani ulichorwa kabla haujakusanyika. Kuuita uchoraji huo uongo ni kuharakisha mno, maana ibada nayo hutamka yasiyotimia bado kana kwamba yamekwisha kuwa. Swali zito zaidi ni la utii wenyewe, ambao picha hizo ziliutangaza kuwa wa daima, na ambao Napoli iliacha kuutoa mwaka 1788.