Mirunda Ndani ya Unywele wa Nzi



Embe likiiva na kupasuka chini ya mti huko Zinga, mara hukusanya vijinzi vyenye macho mekundu, vidogo kuliko punje ya mchele. Twavifukuza kwa mkono bila kuvitazama. Kurani Tukufu haikuwadharau wadudu: imetaja nyuki, mbu na nzi pia.

Mgongoni mwa kijinzi hicho mna nywele ngumu. Kila unywele ni seli moja iliyorefuka wakati mdudu angali pupa, amelala ndani ya ganda. Chini ya utando wa seli hiyo hutokea nyuzi za protini iitwayo aktini, kila mmoja unene wake kama sehemu 7 za milioni moja za milimita. Protini nyingine huzikusanya, kisha fasini huzibana kama kuni katika tita. Unywele mdogo huwa na matita 7 hadi 11, nayo hayakuumbwa marefu, bali ni vipande vifupi vilivyoungwa kichwa kwa mkia. Fasini ikikosekana, unywele hupinda kana kwamba umepitiwa na moto.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Katika miaka ya 1990 Lewis Tilney wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba unywele ukiisha kurefuka, matita hayo huvunjwa, yakatoweka. Linalosimamisha unywele sasa ni gamba gumu, na mifereji iliyomo katika gamba huonyesha matita yalipokuwa.

Sisemi kwamba unywele wa nzi wathibitisha dini. Mfano haumlazimishi mtu. Lakini wako waliosilimu karibuni wanaouliza kwa uchungu: "Mwanzoni nililia katika sala, na mwalimu alinishika mkono. Leo mwalimu amehamishwa, machozi yamekauka, na jamaa zangu wamenitenga. Je, Mungu ameniacha?"

Ewe ndugu, fundi akimwaga zege huondoa mirunda na mbao, wala nyumba haikuachwa. Ila akiziondoa kabla zege halijakauka, boriti huanguka. Basi jichunguze: je, sala unaisimamisha hata pasipo mtu wa kukuamsha? Kama bado, usione haya. Mwendee aliye karibu nawe mwenye elimu, umwombe akufundishe tena tangu mwanzo, hata ikiwa ni Alfatiha peke yake, na uanze na Alfajiri ya kesho.