Adabu ya Kukisema Kitabu

Mpwa wangu, nasikia siku hizi watu wanakuuliza wasome nini, nawe hukosi jibu. Vyema. Ila maoni juu ya kitabu yana adabu zake, na ya kwanza ni kumwambia mwenzio umefika wapi. Ulikiachia njiani, sema ulikiachia njiani, na sababu uitaje. Hilo si la kuonea haya. La kuonea haya ni kumhukumu mwandishi kwa sura mbili za mwanzo, kisha ukajitia umemaliza.

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel ya Fasihi, kila baraza lilikuwa na lake. Hawa wanasema ni wetu, kazaliwa Unguja 1948. Wale wanasema si wetu tena, aliondoka kijana, makazi yake Uingereza na kalamu yake Kiingereza. Watu walibishana mpaka mishipa ikawasimama, na katika wabishi hao sidhani kama wengi walikuwa wameshika hata moja ya riwaya zake kumi za wakati huo. Pasipoti ya mwandishi ni rahisi kuijadili kuliko kurasa zake. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakachapa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya 1994, na udhuru wa lugha ukaondoka.

Nimeisoma karibuni, basi nakupa yangu. Yusuf ni mtoto anayemwita tajiri Aziz kwa jina la undugu, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Wengi watakusifia safari ya msafara kwenda bara. Mimi nimependa zaidi dukani kwa Aziz, Yusuf na mwenzake Khalil wakiuza, wakitaniana, na mkubwa akimfundisha mdogo namna ya kuishi bila kuwa na chochote. Kwa Kiswahili maneno yao yanasikika kama yaliyorudi kwao. Mwisho sikwambii, maana mwisho wa hadithi ni haki ya asiyeisoma. Kwa riwaya za upelelezi jambo hili ni zito zaidi: mtu akikutajia muuaji wa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla kabla hujakifungua, kakuibia, na Bwana Msa mwenyewe, mpelelezi wake, hana la kukusaidia.

Usikiite kitabu kibaya kwa kuwa kimekushinda. Waliompenda Kezilahabi wa *Rosa Mistika*, 1971, walipokutana na *Nagona* mwaka 1990 wengi walishika vichwa: kijitabu chembamba, hakuna kijiji wala wakati wa kujishikiza. Nimekirudia na bado mengi yananipita. Hata hivyo naona ndimo alimothubutu zaidi. Sema “kimenishinda”, watu watakuelewa. Ukisema “hakina maana” umejipa cheo usichonacho.

Sasa hili ndilo ninalolihofia zaidi kwako, kwa sababu umetoka shuleni juzi tu. Kuna maoni ambayo si yako, ni ya mwongozo. Nchini Kenya watoto chungu nzima walikisoma *Siku Njema* cha Ken Walibora ili wajibu mtihani, na wakatoka wanakariri dhamira, maudhui, sifa za wahusika na tamathali, kila kimoja na mfano wake. Nimezungumza na watu wazima ambao hadi leo wakisema juu ya riwaya ile hujibu kana kwamba msahihishaji yuko mlangoni. Lakini mwache mtu anywe chai, umuulize tena polepole. Atakwambia habari za Kongowea, kijana aliyefiwa na mama, akatoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Atakwambia alikisomea chini ya dawati somo jingine likiendelea. Hapo ndipo maoni yake yanapoanza, nawe unyamaze umsikilize. Wewe mwenyewe ukitaka kujua la kwako ni lipi, subiri miezi ipite, uone kimebaki nini bila kufungua daftari.

Aliyeona filamu aseme ameona filamu. Amil Shivji ametengeneza *Vuta N'kuvute* nzuri, ya 2021. Riwaya ya Adam Shafi ya 1999 yenye jina hilo ni kitu kingine. Cha kuazima kirudishe kabla hujadaiwa, bila kukunja kurasa. Na ukimsifu mwandishi aliye hai kisha ukarusha kitabu chake kizima kwenye kundi la WhatsApp, sifa zako zimemfaa nini? Soko la riwaya za Kiswahili ni jembamba. Nakala moja inayouzwa ina uzito.

Vinavyosubiri rafuni visikutie majivuno wala aibu. Ukivitaja, taja kwa nini umevitafuta, basi. Sifa waachie waliovisoma. Mimi nina *Ziraili na Zirani* cha William Mkufya, nilichokinunua kwa kuwa mtu ninayemwamini aligombana na rafiki yake kwa ajili ya kitabu hicho. Na kuna *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed. Hicho njoo ukichukue Jumamosi, kwa kuwa wewe unasoma upesi kuliko mimi, na ukikimaliza kabla sijakigusa, unizuie kukuuliza.