Haki ya Farasi Mzee

Farasi huhesabiwa mzee akifikisha miaka 20 hivi, na akitunzwa vizuri huweza kuvuka 30. Hivyo aliyevuta magogo au kubeba watu tangu ujana anaweza kubakiwa na miaka kumi asiyofaa kazi yoyote, na siku zote hizo anakula. Je, aliyetumikishwa anamdai nini aliyemtumikisha?

Penye malisho ya mwaka mzima, mwenye farasi anaweza kulikwepa swali hilo kwa kumfungulia mnyama ajitafutie. Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, theluji haimpi nafasi hiyo. Nyasi hufunikwa kwa miezi, na sehemu kubwa ya joto la farasi hutokana na nyasi kavu zinazochachuka katika utumbo mpana. Farasi mwenye kilo 500 huhitaji kama kilo 8 hadi 10 za nyasi hizo kwa siku. Mzee huwa nazo mbele yake, ila magego yamelika: hutafuna, kisha hutema mabonge yaliyolowa mate, na asubuhi anayesafisha banda huyakuta sakafuni. Huyo hulishwa makapi ya kiazisukari yaliyolowekwa mpaka yawe kama uji. Maji nayo hupashwa moto kidogo, maana yakiwa baridi mno farasi hunywa machache, chakula kikakauka na kuziba utumbo, na maumivu ya tumbo yakamuua. Manyoya ya majira ya baridi hudanganya macho. Chini yake mbavu zaweza kuwa zimetokeza, kwa hiyo mtunzaji huzamisha vidole na kupapasa. Theluji iliyotulia mgongoni bila kuyeyuka si ya kutisha, kwani huonyesha kwamba joto la mwili halipotei. Mvua ya baridi ndiyo ya kuogopwa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha 1797, alikubali kwamba farasi aliyetumika muda mrefu anastahili shukrani. Lakini aliihesabu kuwa wajibu wa mtu kwa nafsi yake, kwa kuwa ukatili kwa wanyama hufifiza huruma kwa binadamu. Hoja hiyo ina tobo: akitokea mtu wa kumshindisha farasi njaa bila moyo wake kuharibika, farasi hana tena pa kushtakia.

Zaidi ya miaka 500 kabla yake, Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni aliyefariki Cairo mwaka 1262, alikwisha kulipanga jambo hili vingine. Alikuwa wa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika kutaja haki za mnyama juu ya mwanadamu, alisema mwenye mnyama humpa masurufu hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutonufaisha tena. Hapa mdai ni mnyama mwenyewe, na hoja hii ina nguvu zaidi, kwani deni halifutiki kwa sababu mdai hana meno.

Swali gumu zaidi ni la majira ya kupukutika majani, wenye farasi wanapojiuliza kama mzee ataivuka baridi au aitwe daktari wa mifugo amlaze usingizi wa mwisho. Kumwondolea maumivu yasiyotibika si kuvunja haki yake. Kumuua ili kuokoa bei ya nyasi ni kuivunja, japo sindano ni ileile. Kumtelekeza ndiko kubaya kuliko vyote.

Figure, dume aliyezaa aina ya farasi iitwayo Morgan, alivuta magogo na kushindana mbio Vermont, akipita mikononi mwa mabwana wengi. Masimulizi ya kale yanasema kwamba mwaka 1821, akiwa na miaka kama 30, alipigwa teke na farasi mwenzake, akaachwa na jeraha bila banda wala matunzo, akafa. Sanamu yake ilisimamishwa Weybridge, katika jimbo hilohilo, mwaka 1921.