Jicho Huona, Nani Ahukumu?

Asafiriye mchana wa jua kali kutoka Kisii kwenda Migori, akikaribia Awendo penye mashamba ya miwa, aweza kuona maji yametanda juu ya lami mbele yake. Akifika, hapana maji; yamehamia mbele. Hayo ni mazigazi. Lami yenye moto huipasha hewa iliyo karibu nayo, na mwanga upitao humo hupinda, hata mbingu ikaonekana chini mfano wa maji. Sisi wa pwani twayajua, wala hatusemi kuwa ni shetani.

Sasa na jua litue. Msafiri yule yule apita kwa miguu kando ya miwa ile ile. Taa za gari zampiga machoni, zapita, zamwacha katika giza. Mara aona kitu cheupe kimesimama ukingoni. Mchana alisema, "Macho yamenidanganya." Usiku asema, "Nimemwona jini," au, akiwa Mjaluo, asema ni jajuok, yaani mtu adaiwaye kukimbia usiku akitisha watu. Jicho ni lile lile. Mbona hukumu imegeuka?

Jawabu letu ni kwamba jicho halihukumu. Jicho hupokea mwanga tu. Mwenye kuhukumu ni akili, na akili yenye hofu huhukumu upesi. Ibn al-Haytham alilieleza jambo hili huko Misri katika karne ya 11, katika kitabu chake cha elimu ya kuona. Hata mchana kosa hili hutokea: pale Kituluni, Machakos, gari lisilotiwa gea huonekana lapanda mlima lenyewe. Watu wamepatungia hadithi. Kumbe ni mteremko, na vilima vilivyopazunguka ndivyo vinavyolipoteza jicho.

Huenda msomaji akauliza: hadithi za njiani zina dhara gani? Dhara ni kwamba kivuli kikiisha kuitwa mchawi, hutafutwa mtu wa kubeba jina hilo. Kisii, jirani ya Awendo, watu 11 walichomwa moto wakafa mwaka 2008 kwa tuhuma za uchawi. Na mwaka 2021, huko Marani, waliuawa wanawake wazee wanne. Wala tusiwacheke watu wa bara: Kilifi, hapa kwetu, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo.

Hatukanushi ghaibu, majini yametajwa katika Qurani. Lakini Qurani hiyo hiyo yatukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Kuamini kuwa majini yapo si ruhusa ya kukiita kila kivuli jini, sembuse kumwita jirani mchawi.

Basi yatupasa, tuonapo kitu usiku, tuseme tulichokiona tusizidishe. "Niliona weupe" ni ushahidi. "Nilimwona mama fulani" ni hukumu. Na baina ya maneno hayo mawili yaweza kuwamo roho ya kikongwe asiye na kosa.