Kitanda Kisicho na Uvungu

Siku dada yangu alipofungua droo ya chini ya kitanda chake na kutoa bahasha ya nyaraka za familia, bahasha ilikuja nyepesi. Juu ilionekana nzima, na rangi yake ya kaki na mwandiko wake wa kalamu. Alipoigeuza, upande wa chini haukuwepo. Mchwa walikuwa wameingilia chini, wakala karatasi za ndani wakaacha ngozi. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe wa kwanza kilibaki pembe moja yenye muhuri. Karatasi za mauziano ya kiwanja zilikuwa zimegeuka udongo mkavu, uliovunjika mkononi mwake kama andazi la juzi. Alikaa sakafuni. Hakulia. Alinitazama akasema, "Mdogo wangu, hivi tulikosea wapi?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu, kwa sababu nilikuwa naye tangu siku ya kwanza, na kwa sababu kila nikipita kwa mafundi naona watu wakiagiza kitanda kilekile. Nasimulia ili atakayesoma asipite tulikopita.

Dada anakaa Tanga mjini, nyumba ya vyumba viwili na sebule, watoto watatu. Shida yake ilikuwa ya kweli: hakuwa na pa kuweka vitu. Mashuka, mablanketi, mapazia ya sikukuu, khanga alizoachiwa na marehemu mama yetu, vyote vilikuwa kwenye mabegi juu ya kabati. Ndipo mtu akamwonyesha kwenye simu picha ya kitanda kisicho na miguu. Boksi zima la mbao limekaa sakafuni, droo mbili kila ubavu, godoro juu. Picha ilivutia. Lakini ilipigwa nchi ya baridi, ambako nyumba hupashwa moto miezi mingi na hewa ya ndani hukauka hadi midomo ya watu ikapasuka. Tanga hewa hutoka baharini, na masika yakianza mwezi wa tatu, hata chumvi kwenye kopo hulowa. Tofauti hiyo hatukuiwaza. Tuliona droo.

Tukaenda kwa fundi. Simtaji, wala sidhani alikuwa na nia mbaya, alitengeneza alichoombwa. Alipiga hesabu kwa penseli juu ya kipande cha plaiwudi, akasema boksi litakuwa la msindano, na mbele atavalisha msaji. Nikashika mbao zilizoegemea ukuta. Zilikuwa za baridi na nzito.

"Fundi, hizi zimekauka?"

"Zimekauka, kaka. Zina wiki mbili hapa. Na tukishapiga vanishi hutaona kitu."

Ningelipima neno hilo la mwisho, ningelijua la kufanya. Vanishi hufunika, haikaushi. Lakini dada alikuwa tayari ametoa advansi, nami nikanyamaza.

Kitanda kilipoletwa kilipita mlango wa mbele, kikakwama kwenye kona ya korido. Kilikuwa kimegongwa misumari na kupakwa gundi kila kiungo, hakuna bolti hata moja ya kufungua. Mafundi wakakikata katikati kwa msumeno, wakakiingiza vipande viwili, wakakiunga chumbani kwa misumari mirefu. Jioni ile godoro likatandikwa, mashuka mapya, majirani wakaja kutazama.

Asubuhi yake ndipo hesabu ilipojitokeza. Chumba kina upana wa futi 10. Godoro ni la futi 6 kwa 6, na ukijumlisha unene wa mbao kitanda kinachukua futi 6 na inchi 4. Kimesukumwa ukutani, kwa hiyo droo mbili za upande ule hazikufunguka siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Ukuta wa pili una kabati la nguo lenye kina cha futi 2, maana henga ya koti haikubali chini ya hapo. Zikabaki inchi 20 za kupita. Droo ina kina cha inchi 24. Ilitoka kidogo, ikagonga kabati, na mtu wa kuifungua hakuwa na pa kusimama. Mlango wa kabati nao, wenye bawaba, ukawa unagota kwenye godoro kabla haujafunguka nusu. Kati ya droo nne alizolipia, mbili alizitumia kwa taabu, mbili zilikuwa mapango.

Hesabu hiyo ingechukua dakika 10 kabla ya kutoa advansi. Chukua futi, pima chumba, kisha chora kitanda na kabati sakafuni kwa chaki, na uichore droo ikiwa wazi, na miguu yako mbele yake. Kama nafasi haitoshi kwa droo, huenda inatosha kwa kabati la milango ya kusukuma, au kwa rafu ndefu juu ya mlango. Wazee wa Lamu walichonga zidaka ndani ya kuta zao nene, wakaweka humo vyombo na vitabu bila kupoteza hata hatua moja ya sakafu.

Baada ya miezi mitatu kitanda kikaanza kulia. Mtu akigeuka usiku, nyumba nzima inajua. Viungo vilikuwa vimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Sababu yake ni ya kimaumbile, na kila anayechongesha samani anapaswa kuijua: mbao mbichi ina maji mengi, na ikiyapoteza inasinyaa. Haisinyai kwa urefu, au kidogo sana. Inasinyaa kwa upana. Ubao wa msindano wenye upana wa inchi 12 ukiwa mbichi unaweza kupungua karibu nusu inchi ukikauka. Kiungo kilichobana siku ya kwanza kinalegea, msumari unabaki peke yake kwenye tundu, na kila mtikisiko unaongeza tundu. Masika yakirudi, mbao hunywa unyevu na kuvimba, droo zikagoma. Dada alikuwa akizivuta kwa kukanyaga ubavu wa kitanda.

Halafu ikaja harufu. Ilianza kama nguo iliyokunjwa bila kukauka. Dada alibadilisha mashuka, akaanika mito, akafukiza udi, harufu ikakaa. Siku tulipoinua godoro, upande wake wa chini ulikuwa na madoa meusi na ya kijani, makubwa kama sahani. Fundi hakuweka chaga. Alitandaza plaiwudi nzima juu ya boksi, akaona ameongeza uimara. Mtu alalaye hutoa jasho na pumzi yenye unyevu usiku kucha. Unyevu huo hushuka kwenye godoro, na chini ukikuta ubao usiopitisha hewa unatulia hapo. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na pumu. Sisemi kitanda ndicho kilichomletea, lakini ukungu huichochea pumu, na yule mtoto alikuwa akilala pale pale na mama yake.

Na mchwa walikuwa wakifanya kazi yao muda wote huo. Mchwa hutoka ardhini. Hupenya kwenye ufa wa sakafu mwembamba kama uzi, na hujenga njia za udongo ili wasipigwe na mwanga na hewa kavu. Kitanda chenye matendegu kinawalazimisha wapite mahali pa wazi: unafagia, unaona mstari wa udongo kwenye mguu, unaukwangua na kutafuta dawa. Boksi lililokaa sakafuni liliwapa giza, unyevu na mbao ya msindano isiyotiwa dawa, chakula walichokaribishwa. Hatukuona njia hata moja. Tulichoona ni ile bahasha.

Tulimwita seremala mzee wa mtaa wa pili, ambaye siku hizi hutengeneza stuli tu. Aliondoa godoro, akapiga magoti, akaingiza patasi kwenye ubao wa chini. Iliingia bila nyundo, kama kwenye boga lililoiva. Akanyanyua uso.

"Mwanangu, nani aliwaambia mzibe uvungu?"

Dada akajibu kwamba alitaka pa kuweka nguo.

"Nguo zinataka hewa kama sisi. Na kitanda kinataka kuinamiwa."

Methali yetu inayomtaka mwenye haja ya cha uvunguni ainame imetoka kwenye nyumba zenye uvungu. Kitanda cha kamba cha zamani kilikuwa na matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na chini yake ufagio ulipita kila asubuhi. Kasha la Unguja, lile la njumu za shaba na vijidroo chini, mara nyingi lilisimamishwa juu ya miguu yake. Watu wa pwani walikuwa na vitu vya kuhifadhi kama sisi. Waliviinua.

Mzee yule alimchongea dada kitanda kipya, nami nilikaa naye karibu kila jioni. Alikataa kuanza hadi mbao zikauke. Alizipanga chini ya paa, zikitenganishwa na vipande vyembamba ili upepo upite kila upande, akapaka rangi ncha zake zisikauke haraka na kupasuka. Ili kupima ukavu, alikata kipande katikati ya ubao, maana mwishoni hukauka mapema na kudanganya, akakipeleka kwenye mizani ya duka la nafaka. Akakiweka ndani ya nyumba, akakipima tena baada ya wiki. Kilikuwa kimepungua uzito sana. Akasubiri, akakata kingine. Siku kipande kilipokaa wiki nzima bila mizani kusogea, ndipo alipotoa randa.

Alitumia msaji wa kupandwa. Shamba la misitu la Longuza liko Muheza, si mbali, na hakuna haja ya kuumaliza mninga wa msituni kwa kila harusi. Ila alituonya: mti mchanga una sehemu nyeupe nyingi karibu na gome, na sehemu hiyo huliwa na bungua hata kama kiini chake ni kigumu kama nini. Ukiona unga laini kama wa ngano chini ya kitanda kipya, na vitundu vidogo juu yake, ni hao. Alikata weupe wote akautupa kwenye kuni. Mninga wenyewe una sifa ya kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, na ndiyo maana bei yake haishuki. Anayeuziwa mninga kwa bei ya msindano basi aombe autazame kwenye jua, aukwangue rangi.

Viungo alivichonga ulimi na tundu, na mifumbati ikashikwa na bolti, ili kitanda kifunguke siku ya kuhama. Chaga ni za inchi 1 kwa 4, na kati ya moja na nyingine nafasi ya inchi 2. Katikati akapitisha boriti na mguu wake, kwa kuwa futi 6 ni upana mkubwa kwa chaga kubeba watu wawili peke yake. Akaongeza nguzo nne nyembamba za chandarua, jambo ambalo picha ya kwenye simu haikuwa nalo kwa sababu huko ilikopigwa hawalihitaji. Ndani hakupaka oili chafu kama wengine wafanyavyo. Alisema ya uzio iende kwenye uzio, chumbani watu wanavuta pumzi. Alitumia dawa ya mbao iliyouzwa kwa kazi hiyo, akaiacha ikauke nje siku kadhaa kabla ya vanishi.

Uvungu una inchi 13. Ndani yake kuna masanduku mawili mapana ya mbao yenye magurudumu, yenye kimo cha inchi 9, yaliyotobolewa nyuma hewa ipite. Yanavutwa upande wa miguuni, kwenye nafasi. Siku ya usafi yanatolewa yote, ufagio unapita, na dada anamulika matendegu kwa tochi. Ni kazi ya robo saa.

Kabati nalo lilitupa somo lake. Lilikuwa la chipibodi, na kwa miaka ya kupiga deki maji yalikuwa yameingia chini, likavimba na kumenyuka kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Skrubu ikitoka kwenye chipibodi mara moja, ya pili haishiki vizuri. Silaumu anayelinunua, maana ni nafuu na wengi ndilo wanaloliweza. Liinue tu kwa miguu ya inchi 4, libandue ukutani kiasi cha kupitisha mkono, na nyaraka uziweke rafu ya juu, ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Za dada ziko huko sasa, zile alizofanikiwa kuzipata upya. Karatasi za kiwanja hajazipata hadi leo, na muuzaji amekwisha fariki.

Ukienda kwa fundi wiki hii, beba futi yako na vipimo vya chumba, pamoja na korido. Mwulize mbao zimekatwa lini na zilikaa wapi, kisha zishike. Na kabla hujamaliza malipo, mwombe akigeuze kitanda, upige magoti, ukitazame kutoka chini, mahali ambapo vanishi haikufika.