Kulegea kwa Aliyelazimishwa: Je, ni Khiana?

Ama baada. Ndugu msomaji, jua ya kuwa khiana ni kuvunja amana, wala amana haifungiki ila kwa ridhaa. Mtu aliyepatana na mwenziwe kwa ujira, kisha akaiba saa za kazi, amekula haki ya mtu. Hapo hapana shaka. Shaka iko kwa yule aliyeamrishwa bila ya kuulizwa, akaitenda kazi kwa ulegevu. Je, naye ni mkhaini?

Na tuutazame mfano wa kwetu. Mto Ngerengere hutoka milima ya Uluguru, hupita Morogoro, hushuka huku kwetu, kisha huingia Ruvu. Katika mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa ardhi ya Uluguru, ikasema ya kuwa mvua yachukua udongo wa milimani na kuiharibu mito. Neno hilo halikuwa la uongo. Lakini dawa waliichagua wao: watu wachimbe matuta ya ngazi mashambani, kwa amri na kwa adhabu. Udongo wa juu ukafukiwa, wa chini usio na rutuba ukatokea, na mazao yakapungua. Waluguru wakalalamika, wasisikizwe. Ndipo wengine wakachelewa kwenda kuchimba, wengine wakachimba kidogo, na wengine wasiende kabisa. Mwezi wa Julai 1955 ikatokea fujo Matombo, askari wakapiga bunduki, mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa.

Atakayesema ya kuwa hao walikuwa wavivu, na ajibu hili: mbona watu hao hao waliilima miteremko ile kwa jembe miaka yote, wakala na wakauza? Uvivu hauchagui shamba. Kulegea kwao kulikuwa ni usemi wa mtu aliyezibwa kinywa. Wahenga wamesema, mwenye nguvu mpishe, hawakusema mridhie.

Lakini mlango huu usiachwe wazi kwa kila mtu. Mwenye kulegea na ajiulize mambo mawili. Kwanza, je, hana njia ya kusema? Aliye nayo asiitumie hapingi dhuluma, bali anajificha nyuma yake. Pili, hasara ya ulegevu wake yamwangukia nani? Ikimwangukia mnyonge mwenziwe, basi amekuwa mdhalimu mdogo chini ya mdhalimu mkubwa.

Tena aliyeshinda asidhani ya kuwa ameondokewa na wajibu. Matuta ya amri yaliachwa, mvua haikuacha kunyesha. Kuulinda udongo kulibaki deni juu ya wenye ardhi, na deni la hiari ni zito kuliko la kulazimishwa, kwa kuwa halina wa kulaumiwa ila mwenyewe.

Nawe uliyepewa amri juu ya watu, usihesabu kimya chao kuwa ni ridhaa. Ukiona mikono imelegea, uliza kwanza amri yako ina kasoro gani, kabla ya kuuliza mikono hiyo ina kasoro gani.

Wallahu aalamu.